Kuchagua Pikapu ya Shamba: Ipime Ikiwa na Mzigo

Somo letu la mwezi huu ni habari za pikapu. Katika skimu nyingi majirani watatu au wanne huweka fedha pamoja, au huchukua mkopo kwa jina la chama chao, wakanunua gari la kupeleka maziwa, viazi na kabichi. Ni jambo la maana sana. Lakini bei ya pikapu mpya yapita bei ya ng'ombe kumi wazuri wa maziwa, na kama gari likishindwa kupanda mlima wenu siku ya mvua, mkopo hautangoja barabara ikauke.

Watu wengi huchagua gari kwa kulitazama. Wengine huliendesha kidogo likiwa tupu, kwenye lami, karibu na duka la muuzaji, kisha husema, "Lina nguvu hili." Kupima kwa namna hiyo hakufai. Pikapu tupu na pikapu iliyobeba tani moja ni kama magari mawili mbalimbali. Lile lililokimbia vizuri zaidi likiwa tupu huenda likawa la mwisho mtakapolipakia magunia.

Basi tuanze na mzigo wenyewe. Pikapu nyingi zinazouzwa Kenya hubeba tani moja hivi, wakati mwingine pungufu, wakati mwingine zaidi kidogo. Hiyo ni magunia 20 ya viazi ya kilo 50, na kilo 50 ndio uzito wa juu wa gunia uliowekwa na kanuni za viazi za mwaka 2019. Ukipakia lumbesa hujui tena umebeba nini. Maziwa nayo ni mazito kuliko maji kidogo: mkebe wa lita 50 ukijaa, pamoja na mkebe wenyewe, ni kama kilo 60, kwa hiyo mikebe 16 inakaribia tani. Tena kumbuka kwamba dereva, taniboi na mama aliyeomba kufika sokoni wamo katika hesabu hiyo. Watu watatu waweza kupita kilo 200, yaani magunia manne ambayo hupaswi kuyapakia. Tazama kibati kilichobandikwa mlangoni au ndani ya boneti. Uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake umeandikwa pale.

Huenda umeona picha za zile pikapu kubwa za Marekani, kama Ford F-150, ambazo wenyewe huziita za ukubwa kamili. Ni magari yenye nguvu nyingi, na upana wake wapita mita 2 hata bila kuhesabu vioo vya pembeni. Lakini hutengenezwa kwa usukani wa kushoto, na hapa kwetu magari ya namna hiyo hayaandikishwi kwa matumizi ya kawaida. Tutazungumza habari za zile mkulima wa Kenya awezazo kuzipata na kuzitengeneza: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Toyota Land Cruiser 79, na mzee wetu Peugeot 504, ambaye hatengenezwi tena lakini bado hajafa.

Sasa tuupande mlima. Tuseme gari lenyewe lina uzito wa tani 2 na mzigo ni tani 1, jumla tani 3. Katika mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, gari hilo huvutwa nyuma kwa nguvu ya kilo 300, kana kwamba fahali ameshika kamba nyuma yako. Kumshinda fahali huyo kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, magurudumu yanahitaji nguvu za farasi kama 40 tu. Kwa mwendo wa kilomita 60 yanahitaji kama 80. Hapo utaona kwamba hesabu kubwa ya farasi, ambayo muuzaji huitaja kwanza, kazi yake hasa ni kukupandisha mlima upesi. Haikuambii kama gari litaweza kuondoka likisimama katikati ya mlima.

Jambo hilo la pili hutegemea nguvu ya kuzungusha, ambayo katika karatasi za gari huandikwa kwa herufi Nm. Tena usitazame hesabu peke yake, tazama inapatikana injini ikizunguka mara ngapi kwa dakika. Land Cruiser 79 yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo ina farasi kama 130 na Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. D-Max mpya ya lita 3 yenye tabo ina farasi 190 na Nm 450, kuanzia mizunguko 1,600. Ile ya lita 1.9 ina farasi 150 na Nm 350, kuanzia 1,800. Hilux ya lita 2.4 ina farasi 150, na Nm kati ya 343 na 400 kwa kadiri ya toleo lake. Ukisoma karatasi tu utasema Land Cruiser imeshindwa na wote.

Na juu milimani hesabu yake yapungua tena. Tabo ni pangaboi dogo linaloshindilia hewa ndani ya injini. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kama wewe uvutavyo pumzi, na kwenye mita 2,500 juu ya bahari, kama Kinangop, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini hupoteza karibu robo ya nguvu yake. Farasi 130 wanakuwa kama 100. Injini yenye tabo hupoteza kidogo sana. Kwa hiyo mkulima wa Kinangop au Ol Kalou anayesafirisha mboga hadi Nairobi kwa lami atapata faida ya kweli katika D-Max au Hilux, maana zitapanda huku zikiwa na mwendo mzuri, na malori hayatazizuia nyuma yao.

Lakini usiihukumu Land Cruiser mapema. Tabo haifanyi kazi mpaka injini ianze kuzunguka kwa kasi. Chini ya mizunguko 1,500 hivi, injini ndogo yenye tabo ni injini ndogo tu. Ukisimama mlimani na tani moja mgongoni, halafu uachie klachi, huizimisha injini au huiunguza klachi, hasa katika nchi ya juu ambapo tabo hukawia zaidi kuamka. Injini kubwa ya lita 4.2 huvuta polepole tangu chini kabisa, na dereva asiye fundi huweza kuondoka nayo bila kelele. Kama njia yenu ina mahali pengi pa kusimama mlimani, kwa mfano vituo vya kupokea maziwa kila nusu kilomita, jambo hili lina uzito kuliko farasi 60 za zaidi.

Tena kuna gea ya chini ya magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ile iliyoandikwa L4. Hupunguza mwendo na kuzidisha mvuto kama mara mbili na nusu. Mwenye gari dogo la tabo lenye L4 anaweza kuondoka mahali pale pale ambapo jirani yake asiye nayo anaunguza klachi. Wengi wanayo na hawaitumii kamwe. Wanadhani ni ya kutokea matopeni tu.

Kuteremka ndiko kunakoua watu. Mzigo wa viazi huteremka kwenda sokoni, haupandi, na mara nyingi watu wamekaa juu yake. Gari la tani 3 likiteremka mita 500 za kimo, joto lote linalotokana na kulizuia lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Joto hilo lazima liende mahali. Ukishika breki tangu juu mpaka chini, lote huingia katika breki. Zinapopata moto kupita kiasi haziumi tena, na pedali huzama bila kazi. Dereva atasema breki zilikatika. Hazikukatika, zilipikwa.

Kwa hiyo shika gea ya chini kabla hujaanza kuteremka, siyo baada ya kuona mwendo umezidi. Teremka kwa gea ile ile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo ukiwa na mzigo huo. Injini kubwa hulizuia gari vizuri kuliko ndogo, na hapo tena Land Cruiser ina faida. Gari la gea za kujibadilisha nalo lina mahali pa kuchagua gea ya chini, jifunze kupatumia. Na yule dereva anayeachia gea ili kuokoa dizeli, mwondoeni siku hiyo hiyo. Injini ikizimika, usukani unakuwa mzito na breki hazina tena msaada wake.

Hesabu nyingine ya breki yafaa kukumbukwa. Kwenye lami kavu, kwa breki nzuri, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husimama katika mita 30 hivi, ukihesabu na muda wa dereva kushtuka. Kwa kilomita 80 ni mita 65 hivi. Kwenye murramu yenye kokoto ni mbali zaidi, na breki za ABS, ambazo ni nzuri kwa sababu huacha usukani ufanye kazi, huenda zikaongeza umbali huo kwenye kokoto.

Sasa neno juu ya springi, maana hapa wakulima wengi huharibu gari zuri kwa fedha zao wenyewe. Mara tu wakinunua pikapu huipeleka kwa fundi aongeze majani ya springi nyuma ili "ibebe vizuri". Gari husimama mkia juu, nao hufurahi. Lakini pikapu nyingi, hasa za miaka iliyopita, zina vali ndogo iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma kwa fimbo. Gari likizama kwa mzigo, fimbo husukuma vali, na vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Ukiongeza springi gari halizami, vali hudhani gari ni tupu, na breki za nyuma huletewa nguvu kidogo wakati ule ule mzigo umeongezeka. Kama ni lazima kuongeza springi, fundi arekebishe na vali pia. Fundi asiyeijua vali hiyo asiliguse gari lenu. Na springi hazibadilishi kile kibati cha mlangoni: ekseli, beringi na breki ni zile zile.

Mahali unapoweka mzigo nako kwabadilisha uendeshaji. Uzito wote ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua ya gari. Kilo 200 zikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli hiyo, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, huondoa karibu kilo 67 kwenye magurudumu ya mbele, yale yanayogeuza gari. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva mgeni hulipenda jambo hilo mpaka afike kwenye kona yenye maji. Pikapu yenye viti vya nyuma ina bodi fupi, kwa hiyo mzigo wake huelekea nyuma zaidi kuliko ule wa pikapu ya kebini moja. Nzuri kwa kupeleka watoto kanisani na shuleni. Kwa magunia, kebini moja ni gari bora, na bei yake ni ndogo.

Je, kwenye barabara mbovu ipi yatembea vizuri? Hilux na D-Max kila gurudumu la mbele huruka peke yake, kwa hiyo kwenye murramu yenye mawimbi usukani hutulia zaidi. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele. Ni ngumu, haiogopi mashimo, lakini kwenye lami lazima dereva aishughulikie kidogo ili ikae njiani, na huhitaji nafasi pana zaidi kugeuka. Katika kiboma chenye lango jembamba utaijua tabia hiyo siku ya kwanza. Zote tatu zikiwa tupu huruka mkia kwenye mawimbi, kwa sababu springi za nyuma zimetengenezwa kwa ajili ya tani. Dereva anayerudi tupu kutoka sokoni, amechoka na anakimbia, hupoteza mkia kwenye kona. Mwambieni apunguze mwendo akiwa mtupu, ijapokuwa moyo wake unamwambia kinyume.

Peugeot 504, pikapu iliyoanza kutengenezwa mwaka 1979, bado inasifiwa na wazee kwa kutembea laini juu ya mashimo, nao wana haki. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Nayo 504 ilishinda 1975 na 1978. Ila magari yale hayakuwa pikapu, wala hayakubeba viazi. Pikapu ya 504 ya dizeli ina farasi 70 hivi na husukumwa kwa magurudumu ya nyuma tu. Kwa njia kavu na dereva mpole ni gari la kufaa. Kwa mkopo mpya hatulisifu, maana vipuri vyake vyatafutwa kwa tochi.

Kuhusu tope, wenye udongo mweusi hawahitaji kufundishwa na gazeti. Tutataja mambo machache tu. Gari linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma peke yake hupata mshiko kutokana na uzito wa mzigo. Huenda likapeleka viazi salama asubuhi, na jioni likirudi tupu likakwama mahali pale pale. Magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma husaidia safari ya kurudi. Mwenye magurudumu manne ayaingize kazini kabla ya kuingia topeni. Akingoja mpaka gari lizame mpaka tumboni, yote manne yatazunguka bure. Katika Land Cruiser nyingine yafaa kwanza kufunga habu za magurudumu ya mbele kwa mkono. Ukitoka topeni ukafika kwenye lami kavu, rudisha H2, la sivyo mitambo ya mbele na ya nyuma itashindana yenyewe kwa yenyewe, nawe utalipia ugomvi huo. Na tairi lililolika halina nafasi ya kutema udongo. Gari la magurudumu manne lenye tairi laini hushindwa na punda.

Siku ya kujaribu, basi, msiende mtu mmoja. Nendeni watatu, pamoja na yule atakayekuwa dereva. Pakieni magunia 20 yaliyopimwa, au mifuko ya mchanga yenye uzito huo. Chagueni njia yenu wenyewe, pamoja na mlima mbaya kuliko yote mlio nao. Simamisheni gari katikati ya mlima, vuteni breki ya mkono, ngojeni kidogo, kisha ondokeni. Fanyeni hivyo mara tatu. Kama kuna harufu ya klachi, andikeni. Andikeni pia gari lilipanda kwa gea ya ngapi kwenye kona ile ile, na kipimo cha joto kilifika wapi. Teremkeni kwa gea ya chini bila kukimbia, na mkifika chini mkanyage breki kwa nguvu kidogo mahali palipo wazi. Tazameni kama gari huvuta upande. Siku nyingine lijaribuni gari la pili kwa mzigo ule ule, njia ile ile, dereva yule yule. Mkibadilisha hata kimoja katika hivyo, hamkulinganisha kitu.

Jazeni tangi mpaka shingoni kabla ya safari na baada yake, mjue lita zilizotumika kwa kilomita 100. Tofauti ya lita 2 inaonekana ndogo. Lakini gari la maziwa linalokwenda kilomita 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutembea kilomita 18,000, na lita 2 hizo zinakuwa lita 360. Zidisheni kwa bei ya dizeli ya kituo chenu mwezi huu, kisha linganisheni na tofauti ya bei za magari yenyewe.

Muuzaji mwingine atakataa gari lake lisipakiwe mzigo kabla ya kuuzwa. Kwa gari jipya ana sababu, basi mwombeni gari lake la maonyesho, au tafuteni katika wilaya yenu mwenye gari la namna ile ile awakodishe kwa siku moja pamoja na dereva wake. Kwa gari kuukuu hana sababu, nanyi msitoe hata shilingi ya arubuni.